Mzee Carscallen wa Gendia, Aliyesikiliza Kabla ya Kuhubiri

Tunaposherehekea yubilei ya kwaya yetu, tumeona si vyema kitabu hiki kijae picha zetu na ratiba peke yake. Kuna mtu tunayemtaja kila makambi, lakini wengi wetu tunajua jina lake tu.

Arthur Carscallen alizaliwa Kanada, akasomea kazi ya Mungu Uingereza. Mwaka 1906, akiwa bado hajafika miaka 30, alitua Mombasa pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Tunaomba vijana wetu walishike jina la Nyambo pia, maana Waadventista wa kwanza kuleta ujumbe pande hizi hawakuwa wazungu pekee. Walipanda gari la moshi hadi Kisumu, wakavuka ghuba, na Novemba mwaka huo wakaweka makao kwenye kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay.

Hapo kazi haikuanza kwa mikutano mikubwa. Carscallen hakujua Kijaluo, na lugha hiyo haikuwa na vitabu vya kumfundisha. Basi mwalimu akawa mwanafunzi wa wenyeji. Alisikiliza na kuandika, akatayarisha sarufi, na baadaye akatafsiri sehemu za Agano Jipya. Watu walifundishwa kusoma kwa lugha ya mama zao. Mwaka 1913 kiwanda kidogo cha kuchapa kilianza Gendia, na ndicho kilichokua kuwa Africa Herald Publishing House.

Na matunda je? Ubatizo wa kwanza ulifanyika Mei 1911. Waliobatizwa walikuwa 10. Hebu tuhesabu wenyewe: miaka minne na nusu ya jasho, watu 10. Kisha 1914 vita vikaja. Wajerumani walifika hadi Kisii, na kituo cha Nyanchwa kikaporwa. Baada ya vita kazi ilianzishwa upya. Carscallen aliondoka mwaka 1921, akafariki miaka mingi baadaye mbali na Gendia. Leo ukipita Nyanza siku ya Sabato, utachoka kuhesabu makanisa.

Tumeandika haya kwa sababu yanatuhusu. Mwaka jana tulitembea nyumba kwa nyumba wiki nzima, tukaimba hadi sauti zikakauka, na hakuna hata mtu mmoja aliyejitoa. Tuliporudi, baadhi yetu tuliuliza kama inafaa kuendelea kuchangishana nauli. Wengine tulisema tubadilishe nyimbo, tuimbe Kiingereza kama kwaya za mjini. Swali hilo bado liko kwenye kamati yetu.

Maisha ya mzee huyu yametusaidia kulijibu. Hatukuwahi kuketi na majirani wale tukasikiliza shida zao. Tuliimba, tukaaga, tukaondoka. Kwa hiyo baada ya yubilei tutarudi kijiji kile kile. Tutaimba kwa lugha wanayoielewa, na safari hii tutakaa kwanza, tusikilize. Wakipatikana 10, tutashangilia. Asipopatikana hata mmoja, tutarudi tena.

Karibuni tuimbe pamoja.