Ben Hogan: Siri ilikuwa kwenye kifundo cha mkono

Kama umewahi kushika fimbo ya gofu, hata kwa utani tu na marafiki wikendi, unalijua hili tatizo. Unalenga mbele, unapiga kwa nguvu zako zote, halafu mpira unaenda kuwasalimia majirani. Kwa wengi wetu mpira hupinda kulia. Kwa Mmarekani Ben Hogan ulikuwa unapinda kushoto, tena vibaya, na kwa miaka mingi ulikaribia kumlaza njaa yeye na mkewe.

Leo jamaa anahesabiwa kati ya wapigaji bora zaidi wa mpira tangu gofu ianze. Makombe makubwa tisa. Lakini hadithi yake haianzi na makombe.

Hogan alizaliwa Agosti 13, 1912 huko Stephenville, Texas, akakulia mji jirani wa Dublin. Babake, Chester, alikuwa mhunzi. Enzi hizo magari yalikuwa yameanza kuchukua nafasi ya farasi, na kazi ya kutengeneza viatu vya farasi ikawa inakauka. Familia ilihamia Fort Worth. Mwezi Februari 1922, Chester alijipiga risasi akafa. Ben alikuwa na miaka tisa.

Hebu fikiria. Mtoto wa darasa la tatu au la nne hivi, na ghafla nyumba haina baba wala mshahara. Ben alianza kuuza magazeti kwenye stesheni ya reli. Alipofika miaka 11 hivi akasikia kwamba kuna pesa kwenye klabu ya Glen Garden: ukibeba mfuko wa fimbo wa tajiri mmoja kwa mashimo 18, unapata senti 65. Kwa muuza magazeti, hizo si haba. Akawa kedi. (Hata hapa Kenya, wachezaji wengi wa kulipwa walianzia hapo hapo, begani kukiwa na mfuko wa mtu mwingine.)

Pale Glen Garden kulikuwa na kijana mwingine kedi, mwaka mmoja wa kuzaliwa na yeye, anaitwa Byron Nelson. Krismasi ya 1927 makedi walifanyiwa mashindano yao, na wawili hao wakabaki mwisho. Nelson akashinda kwa mkwaju mmoja tu. Nelson alikuwa mrefu, mcheshi, kila mtu anampenda. Hogan alikuwa mdogo wa mwili na mkimya, wa kukaa pembeni.

Mwili huo mdogo ndio uliozaa tatizo la mkono. Inasimuliwa kwamba makedi walikuwa wakishindana kupiga mipira, na wa mwisho kwa umbali ndiye anayetumwa kwenda kuiokota yote. Ben hakutaka kuwa mtumwa wa wenzake. Akagundua ujanja: ukizungusha mkono wa kushoto ushike fimbo kwa juu zaidi, na ukapiga kwa kuikunja mikono haraka, mpira unaruka chini chini, unapinda kushoto, na ukigusa ardhi unabiringika weee. Umbali ukapatikana. Shida ni kwamba mpira wa aina hiyo hausikii breki. Ukianza kupinda, unaweza kuishia msituni, na hakuna wa kumlaumu.

Akiwa na miaka 17, mwaka 1930, alijitangaza mchezaji wa kulipwa. Alienda kwenye mashindano, akaishiwa, akarudi nyumbani. Akajaribu tena, akaishiwa tena. Katikati ya mashindano alifanya kazi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1935 alimwoa Valerie Fox, na sasa wakawa wawili wa kufukuzana na njaa barabarani, wakilala hoteli za bei ya chini na kuhesabu kila senti.

Januari 1938 walifika Oakland, California, wakiwa na pesa za mwisho mwisho. Asubuhi moja Hogan akatoka kwenda uwanjani, akakuta gari lake limesimama juu ya mawe. Magurudumu yameibwa! Ukiwahi kuibiwa simu siku ambayo huna hata nauli, utamwelewa. Akaomba lifti, akacheza, akamaliza katika nafasi iliyompa tuzo ya kutosha kuendelea na safari. Bila hizo pesa, huenda tusingelisikia jina lake.

Kilichomtofautisha na wengine ni mazoezi. Siku hizo wachezaji wengi walikuwa wanapasha misuli kidogo kabla ya mashindano, basi. Hogan alikuwa anapiga mipira asubuhi, anaenda kucheza raundi, halafu anarudi kupiga mingine mpaka jua lizame. Watu walimwona kama amerukwa na akili. Yeye alikuwa anatafuta kosa. Kila mpira ulikuwa swali moja dogo: nikibadilisha hiki, mpira unafanya nini?

Mwaka 1940 mlango ukafunguka. Alishinda peke yake kwa mara ya kwanza huko Pinehurst, kisha mashindano mawili mengine yaliyofuata papo hapo. Mwaka huo, na 1941, na 1942, hakuna mchezaji aliyepata pesa nyingi kumshinda. Halafu vita vikamchukua jeshini. Na bado, ule mpira wa kushoto haukuwa umekufa. Ulikuwa umelala tu, unaamka siku mbaya kabisa, shimo la mwisho, watu wote wanatazama.

Basi tuje kwenye siri yenyewe. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1946 aliyaacha mashindano kwa muda, akarudi Fort Worth kukaa na kufikiri. Alichotoka nacho kilikuwa na sehemu kama tatu, na zote ziko kati ya kiwiko na vidole.

Kwanza, alizungusha mkono wa kushoto kidogo kuelekea kushoto, mpaka kidole gumba kikakaa juu kabisa ya mpini wa fimbo. Pili, wakati wa kuinua fimbo, aliuzungusha mkono ule kwa mtindo wa kizamani wa Waskoti, uso wa fimbo ukawa unafunguka. Tatu, na hii ndiyo iliyozua mjadala wa miaka na miaka, fimbo ilipofika juu alikikunja kifundo cha mkono wa kushoto kwa nyuma.

Jaribu hapo ulipo. Nyoosha mkono wa kushoto mbele, kidole gumba kikitazama juu. Sasa rudisha kiganja nyuma, kama askari wa trafiki anayesimamisha matatu, mpaka uone mikunjo ya ngozi nyuma ya kifundo. Hapo ndipo Hogan alipokuwa. Ukifanya hivyo ukiwa umeshika fimbo, uso wake unafunguka, yaani unaelekea kulia kidogo. Ukifanya kinyume, ukakunja kiganja kuelekea ndani, uso unajifunga na mpira unaelekea kushoto. Kwa hiyo Hogan alijiwekea akiba: alianza kushuka na uso uliofunguka kiasi kwamba hata angepiga kwa hasira ya dunia nzima, mikono yake haikuwa na muda wa kuufunga kupita kiasi. Mpira ukaanza kupaa juu na kupinda kulia kidogo tu, kisha kutua kwa upole. Huo ndio mpira unaosikia breki.

Lakini ngoja kabla hujakimbia uwanjani. Dawa hii ilikuwa ya ugonjwa wake. Wengi wetu tunaoanza, mpira unapinda kulia kwa sababu uso wa fimbo tayari uko wazi. Ukimuiga Hogan unajiongezea ugonjwa. Nimewaona vijana kwenye viwanja vya mazoezi wakitazama video zake kwenye simu, wanakunja kifundo vile vile, halafu wanashangaa mpira unaishia kwenye uzio wa kulia. Kama mpira wako unaenda kulia, cha kuchukua kwake ni kile kingine alichofundisha baadaye: wakati wa kugonga, kifundo cha kushoto kisirudi nyuma tena. Kinyooke, hata kitokeze kidogo kuelekea unakolenga, mikono ikiwa imetangulia mbele ya kichwa cha fimbo. Na viwiko viwe karibu karibu, kana kwamba mikono miwili imefungwa kwa kamba ikawa kitu kimoja. Mikono isiyoandamana ndiyo huharibu kazi ya vifundo.

Na yeye mwenyewe dawa ilimfanyia nini? Mwaka huo huo wa 1946 alitwaa kombe lake kubwa la kwanza, la PGA. Mwaka 1948 akachukua PGA tena pamoja na US Open. Miaka 36, kileleni.

Februari 2, 1949, yeye na Valerie walikuwa wanarudi nyumbani kwa gari kutoka Arizona. Karibu na Van Horn, Texas, kulikuwa na ukungu. Basi la Greyhound lilijaribu kulipita lori, likawa linawajia uso kwa uso kwenye daraja. Hakukuwa na pa kukimbilia. Sekunde ile ya mwisho Hogan alijitupa upande wa abiria kumkinga mkewe. Mhimili wa usukani ulipenya ukatoboa kiti cha dereva, pale alipokuwa ameketi. Kumkinga mkewe ndiko kulikomwokoa yeye.

Nyonga ilivunjika, mtulinga ukavunjika, kifundo cha mguu wa kushoto na mbavu pia. Valerie aliumia kidogo tu. Wiki kadhaa baadaye damu ilianza kuganda miguuni na kusafiri kuelekea mapafuni, na daktari wa upasuaji, Alton Ochsner, akaletwa kwa ndege ya jeshi kutoka New Orleans. Akaufunga mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni kwenda kwenye moyo. Hogan aliishi, ila damu miguuni haikuzunguka vizuri tena maisha yake yote. Hapakuwa na uhakika kwamba angetembea kawaida, sembuse kucheza.

Hapo ndipo mazoezi ya miaka 20 yalipolipa. Miguu ilikuwa imekwisha. Mikono ilikuwa inakumbuka.

Juni 1950, miezi 16 baada ya ajali, alisimama kwenye US Open huko Merion, Pennsylvania, miguu ikiwa imefungwa bandeji kutoka vifundoni hadi mapajani. Siku ya mwisho enzi hizo mlikuwa mnacheza mashimo 36, mara mbili uwanja mzima kwa miguu. Kufika jioni alikuwa hawezi kuinama kuokota mpira shimoni. Shimo la 18 alihitaji kulimaliza bila kosa ili tu abaki mashindanoni. Akachagua fimbo ya chuma namba moja, ambayo hata wachezaji wa kulipwa huiogopa kwa sababu uso wake ni mdogo na hausamehi. Mpira ukaenda moja kwa moja hadi kwenye grini. Mpiga picha Hy Peskin alikuwa nyuma yake, na picha hiyo bado inaning'inia kwenye klabu za gofu duniani kote. Kesho yake akawashinda Lloyd Mangrum na George Fazio kwenye raundi ya kuamua mshindi, kwa mikwaju 69. Fimbo yenyewe iliibwa pale pale. Ilikuja kupatikana mwaka 1983, sasa iko makumbusho.

Mwaka 1953 alicheza mashindano machache sana kwa sababu ya miguu, lakini akachukua Masters, US Open huko Oakmont, na British Open huko Carnoustie, Uskoti, mara ya kwanza na ya mwisho kwake kucheza huko. PGA hakuweza, tarehe zilikuwa zinagongana. Aliporudi, New York ilimfanyia gwaride la kumwagiwa makaratasi barabarani. Muuza magazeti wa stesheni!

Ile siri ya kifundo aliitoa hadharani mwaka 1955, jarida la Life lilipomlipa ili aieleze. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu chake cha masomo matano, ambacho bado kinauzwa. Watu hawakuridhika. Mpaka leo kuna wanaoamini kwamba alificha kitu kingine, pengine kwenye goti la kulia, pengine kwenye kiwiko. Mimi nadhani alisema ukweli, na ukweli ulikuwa mdogo kuliko watu walivyotaka.

Cha kuuma ni mwisho wake. Mikono ile iliyoshinda kila kitu ilikuja kumgomea kwenye mkwaju mfupi kuliko yote, ule wa kuusukuma mpira polepole shimoni. Alikuwa anasimama juu ya mpira, umbali wa hatua moja au mbili, na mikono haianzi. Watazamaji wanangoja, yeye anangoja. Jicho lake la kushoto nalo lilikuwa limedhoofika tangu ajali. Mashindano yake ya mwisho yalikuwa Houston mwaka 1971, akiwa na miaka 58. Goti lilikataa, hakumaliza raundi.

Alirudi Fort Worth kwenye kiwanda chake cha kutengeneza fimbo za gofu. Mchana alikuwa anaenda klabu ya Shady Oaks, anachukua mfuko wa mipira, anatafuta sehemu ya uwanja isiyo na watu, na anaanza kupiga mmoja baada ya mwingine, akiangalia unakopinda. Aliendelea hivyo hadi uzeeni. Alifariki Julai 25, 1997, akiwa na miaka 84.