Robert Koch: bingwa wa malale aliyeacha watu gizani

Sisi wa Nemba mbung'o hatuhadithiwi. Ila wengi hatujui kwamba mwaka 1906 mmoja wa madaktari maarufu kuliko wote duniani alikuja hadi Ziwa Victoria kupambana na ugonjwa wao, malale.

Ni Robert Koch, aliyezaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Mwaka 1882 alitangaza kwamba kamgundua bakteria wa kifua kikuu, na 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata akapitia Amani kule Tanga, kisha Mwanza, akaenda kupiga kambi visiwa vya Sese, Uganda, ambako watu walikuwa wanakufa kwa maelfu.

Malale inafanyaje? Vimelea vinaanza kwenye damu, mwisho vinaingia kichwani. Pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo kuna shina la ubongo. Ni dogo, lakini ndilo linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo, na neva zinapanda kutoka hapo kuuweka ubongo macho. Mfumo huo wa kulala na kuamka ukivurugwa, mtu anasinzia mchana, usiku hana usingizi. Asipotibiwa anakufa.

Neva za kichwani ziko jozi 12. Jozi 10 zimeungana na shina hilo: za kumeza, kusikia, kuchezesha uso na nyinginezo. Neva ya kuonea haimo, yenyewe imeungana na ubongo mbele zaidi.

Na hiyo ya kuonea ndiyo iliyoumia. Dawa ya Koch, Atoxyl, ilikuwa na aseniki. Wagonjwa walichangamka, halafu vimelea vikarudi. Koch akaongeza dozi. Zaidi ya watu 20 wakapofuka, maana aseniki iliua neva ya kuonea. Akarudi kwenye dozi ndogo, ila macho yao hayakurudi.

Koch aliondoka 1907, akafa Baden-Baden mwaka 1910. Berlin kuna taasisi kubwa yenye jina lake. Wale wa Sese hata majina yao hatuyajui.

Leo malale ina vidonge, fexinidazole, ambavyo WHO inavipendekeza hata kwa malale ya huku kwetu tangu 2024. Kwa hiyo ukiumwa nenda hospitali, usiogope. Ila uliza: dawa hii itanifanya nini? Hata bingwa wa Nobel alikosea.

Koch ni shujaa au siyo? Tupia maoni yako hapo chini.