Machozi ya Mzee Busby

Kila fainali kubwa ikiisha, pale kwenye chumba chetu cha runinga huzuka ubishi ule ule. Kocha anaonyeshwa akibubujikwa na machozi, halafu mmoja wetu (anajijua) anasema mwanaume mzima halilii mpira. Safari iliyopita nilimwambia kuna kocha mmoja alilia Wembley mbele ya watu zaidi ya 90,000, na kabla hajamcheka asome kwanza habari zake. Basi nimeziandika hapa. Mimi ni mtu wa mahesabu na mashine, si mwandishi, mtanivumilia.

Matt Busby alizaliwa tarehe 26 Mei 1909 huko Orbiston, kitongoji cha wachimba makaa ya mawe karibu na Bellshill, Uskoti. Baba yake alikuwa mchimbaji kama wanaume wengine wote wa pale. Vita Kuu ya Kwanza ikamchukua, na Aprili 1917 akauawa kwa risasi huko Arras, Ufaransa. Matt alikuwa hajatimiza miaka 8. Alipokua naye akashuka mgodini, mpira akiucheza nje ya saa za kazi. Mama yake alikuwa ameshakata shauri kuhamia Marekani na watoto, na safari ilikuwa inaandaliwa, mara mwaka 1928 Manchester City wakamtaka kijana kwa pauni 5 kwa wiki. Safari ikafa. Yaani historia ya soka la Uingereza iliponea hapo, kwa familia kuahirisha meli.

Mwanzoni hakuwa lolote. Walimchezesha mbele, hakufaa. Alikuwa mpweke na nusura arudi kwao. Siku waliporudisha nafasi yake nyuma kidogo, akawa kiungo wa kulia, mambo yakakaa sawa. Alitwaa Kombe la FA na City mwaka 1934, kisha 1936 akauzwa Liverpool kwa pauni 8,000. Vita ya Pili ikaumaliza uchezaji wake.

Mwaka 1945 akakabidhiwa Manchester United. Msidhani ni hii mnayoijua. Uwanja wa Old Trafford ulikuwa umelipuliwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, klabu ina madeni, na mechi za nyumbani wakichezea Maine Road kwa jirani zao City hadi 1949. Busby alikuja na mtindo uliowashangaza watu: meneja anayevaa nguo za mazoezi na kukimbia na wachezaji. Enzi hizo meneja alikuwa mtu wa suti na ofisi. Kombe la FA likaja 1948, ubingwa wa ligi 1952. Timu ile ilipoanza kuzeeka hakukimbilia sokoni. Yeye na msaidizi wake, Jimmy Murphy kutoka Wales, walilea vijana, wengine wamewatoa shuleni kabisa. Vijana hao wakachukua ubingwa 1956 na 1957. Watu waliwaita watoto wa Busby, na kwa kweli alikaa nao kama baba: anawajua wazazi wao, anajua nani amepanga chumba kwa nani.

Sasa hapa ndipo kisa kinapoanzia. Kombe la Ulaya lilipoanzishwa mwaka 1955, wakubwa wa ligi ya Uingereza hawakulitaka, na Chelsea waliokuwa mabingwa wakashawishika kubaki nyumbani. Mwaka uliofuata Busby aligoma kushawishika. Akaipeleka United Ulaya, na mechi yao ya kwanza ya nyumbani wakawafunga Anderlecht 10-0. Real Madrid wakawatoa kwenye nusu fainali. Msimu uliofuata wakarudi tena, na tarehe 5 Februari 1958 walitoka sare ya 3-3 na Red Star mjini Belgrade wakaingia nusu fainali. Jumamosi walikuwa na mechi ya ligi, na ligi haikuwa na huruma na timu iliyochelewa. Ilibidi warudi Alhamisi, tarehe 6.

Ndege ilitua Munich kuongeza mafuta. Rubani alijaribu kuruka mara mbili, injini zikawa hazitulii, akaacha. Abiria wakashuka, baada ya muda mfupi wakaitwa tena. Mara ya tatu ndege ilifika kama kilomita 217 kwa saa, ikiwa imebakiza kidogo tu kuruka, halafu badala ya kuongezeka mwendo ukashuka hadi karibu 195. Ikapita mwisho wa njia, ikavunja uzio na kugonga nyumba. Kati ya watu 44 walikufa 23, wakiwemo wachezaji 8. Duncan Edwards, ambaye wengi walimwona ndiye bora kuliko wote, alipigania maisha hospitali kwa siku 15, akafa akiwa na miaka 21.

Mniruhusu nitoke nje ya mada kidogo, maana hapa ni kwenye fani yangu. Wajerumani walimlaumu rubani, Kapteni James Thain, kwamba hakuondoa barafu kwenye mabawa. Chanzo kilikuwa chini: theluji iliyoyeyuka nusu, kama uji, iliyolala mwisho wa njia ya kurukia. Magurudumu yakiingia humo yanavutwa nyuma kuliko nguvu ya injini inavyosukuma mbele. Ndege nyingine za siku ile ziliruka salama kwa sababu zilikuwa zimeshaacha ardhi kabla ya kufika pale. Ilichukua takriban miaka 10 ya vipimo na mabishano mpaka Uingereza ikamsafisha jina, na kazi ya urubani alikuwa ameshaipoteza.

Busby alitolewa kwenye mabaki kifua kimepondeka na mguu umevunjika. Padri alimpaka mafuta ya wagonjwa mara mbili, maana hakuna aliyedhani ataamka. Madaktari wakakataza asiambiwe habari za vijana. Ilimwangukia mkewe, Jean. Akawa anataja jina moja moja, na Jean akitikisa kichwa au kukiinamisha kulingana na aliye hai na aliyekufa. Hakuna neno lililosemwa. Mimi nikifika hapo huwa naweka kitabu chini.

Alijilaumu. Ni yeye aliyewapeleka Ulaya wakati wakubwa wamekataa, na pale Munich hakunyanyua mdomo kuzuia jaribio la tatu. Alitaka kuacha mpira moja kwa moja. Jean ndiye aliyemgeuza, akimkumbusha kwamba hata wale waliokufa wangependa kazi iendelee. Wakati huo Murphy, ambaye hakuwepo safarini kwa sababu alikuwa na timu ya taifa ya Wales, aliokotaokota wachezaji akafika fainali ya Kombe la FA mwezi Mei. Busby alikwenda kuiangalia kwa mkongojo. Walifungwa na Bolton 2-0.

Ujenzi mpya ulichukua miaka. Denis Law alinunuliwa Torino 1962 kwa pauni 115,000, bei ya juu kuliko zote Uingereza. George Best alianza 1963, na mwaka huo likaja Kombe la FA, halafu ubingwa wa 1965 na 1967. Ila Ulaya ilimkataa. Mwaka 1966 waliwapiga Benfica 5-1 kwao Lisbon, tukasema sasa (wazee wetu walisema, mimi sijazaliwa), wakaenda kufia nusu fainali kwa Partizan. Partizan ya wapi? Ya Belgrade.

Mwaka 1968 City, klabu yake ya zamani, waliwanyang'anya ubingwa siku ya mwisho. Siku nne baadaye walikuwa Madrid kwenye nusu fainali wakiwa na bao 1 la mechi ya kwanza. Mpaka mapumziko wamefungwa 3-1. Kipindi cha pili David Sadler akarudisha moja, na la tatu likafungwa na Bill Foulkes, beki ambaye hakuwa na kawaida ya kufunga hata kidogo. Foulkes alikuwa ameponea Munich.

Fainali ilikuwa tarehe 29 Mei, Wembley, na Benfica. Hapo Waafrika tunaingia, tena upande wa pili: nahodha wao Mário Coluna na mshambuliaji wao Eusébio wote ni watoto wa Msumbiji. Bobby Charlton, naye wa Munich, alifunga kwa kichwa. Benfica wakasawazisha zikiwa zimebaki kama dakika 10. Kisha Eusébio akabaki yeye na kipa Alex Stepney, akaachia kombora, Stepney akaliganda. Eusébio akasimama kumpigia makofi. Jamani, bao lile lingeingia leo nisingeandika makala hii. Dakika za nyongeza zikaja Best, Kidd, Charlton tena, mabao 3 ndani ya kama dakika 7. Ikaisha 4-1.

Busby akaingia uwanjani, mtu wa miaka 59, akakumbatiana na Charlton, wote wawili wanalia. Picha zake zipo, zitafuteni. Hakuruka wala kunyanyua ngumi. Wachezaji wengine wanacheka. Wale wa Munich wanaonekana kama watu waliotoka kuzika. Usiku ule Charlton hakuweza hata kufika kwenye sherehe, alizidiwa kwa uchovu. Mzee alikwenda, na akaimba wimbo wa Louis Armstrong mbele ya wageni.

Mwaka ule ule akapewa cheo cha Sir. Kustaafu hakukumwendea vizuri, lazima tuseme. Aliondoka 1969, lakini alibaki klabuni, na mrithi wake, kijana Wilf McGuinness, alifanya kazi kivuli cha Mzee kikiwa juu yake. Kabla ya mwaka 1970 kwisha McGuinness akaondolewa na Busby akarudi kwa miezi michache. Timu ilikuwa imezeeka na hakuwa na moyo wa kuivunja. Ikashuka daraja 1974.

Jean alifariki 1988. Ubingwa uliofuata ule wa 1967 ulikuja 1993, na Mzee akauona kwa macho yake. Alifariki tarehe 20 Januari 1994 akiwa na miaka 84. Siku mbili baadaye United walicheza na Everton. Mpiga zumari la Kiskoti aliwatangulia wachezaji kuingia uwanjani, na kiti chake jukwaani kiliachwa wazi. Amezikwa Southern Cemetery, kusini mwa jiji la Manchester.