Roger Altounyan, daktari aliyejitia pumu kwa makusudi

Roger Altounyan alizaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1922, katika ukoo wa madaktari wa Kiarmenia. Babu yake alianzisha hospitali mjini humo, baba yake akaiendeleza. Wazungu wengi wanamjua kwa sababu mwandishi Arthur Ransome alimpa mtoto mmoja jina lake katika kitabu cha Swallows and Amazons cha mwaka 1930. Kwangu mimi hilo ni dogo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alirusha ndege za Uingereza na kufundisha marubani. Baadaye akasomea udaktari, akarudi Aleppo kutibu watu katika hospitali ya ukoo. Mwaka 1956, baada ya vita vya Suez, familia ikalazimika kuondoka. Sisi tuliosomea ukimbizini hatuhitaji kuelezwa maana yake. Akaajiriwa Uingereza katika kampuni ya dawa.

Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa pumu. Kwa miaka karibu 8 alivuta kwa makusudi maji yaliyolowekwa manyoya ya simbilisi, kifua kikabana, kisha akapima kama dawa mpya inazuia shambulio. Alijaribu mamia. Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati.

Lakini dawa hiyo ukiimeza haikusaidii. Lazima ifike mapafuni. Na koo lina kona. Chembe kubwa kuliko mikroni 5 hivi, yaani sehemu 5 za elfu za milimita, hushindwa kukata kona hiyo zikagonga ukuta wa koo. Unga laini nao hugandamana. Basi ukachanganywa na sukari ya maziwa yenye chembe kubwa: sukari ikabaki mdomoni, dawa ikaendelea na safari. Rubani wetu akakumbuka pangaboi la ndege, akabuni chombo ambacho pumzi ya mgonjwa huzungusha kipangaboi na kukung'uta unga. Hata hivyo, sehemu kubwa bado iliishia njiani. Maabara hupima hasara hiyo kwa kuvuta hewa kupitia koo la bandia, halafu kupima dawa iliyonasa kila hatua.

Altounyan alifariki 1987. Dawa yake imepitwa na za steroidi, ila koo ni lile lile. Wanafunzi wangu wenye pumu, na wafanyabiashara ninaokutana nao mpakani, wengi hubonyeza pampu mdomoni kama wanapuliza marashi. Itikise kwanza, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi hadi 10. Ya steroidi, sukutua mdomo na uteme. Kwa mtoto, madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako pampu ikabane, hufanya kazi sawa na kile chombo cha dukani.