Denis Burkitt, Tabibu wa Taya za Watoto

Mwezi huu twaeleza maisha ya Denis Burkitt, tabibu aliyefanya kazi katika nchi ya jirani zetu wa Uganda kwa muda wa miaka 20. Jina lake lajulikana na madaktari wa dunia yote, kwa kuwa limetiwa juu ya ugonjwa mmoja uwapatao watoto wa nchi zetu, yaani saratani ianzayo mara nyingi katika taya. Walakini wazazi wengi wa Ngara na Biharamulo hawajalisikia jina hilo, wala hawaijui alama ya kwanza ya ugonjwa wenyewe. Nayo ni alama ndogo, rahisi kudharauliwa: meno ya mtoto hulegea kabla ya wakati wake.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, tena mtu apendaye kuwachunguza ndege. Aliwatia pete miguuni ili kuwatambua mmoja mmoja, akaandika katika ramani mahali kila ndege alipokaa na mpaka wa makao yake. Mtoto aliiona kazi hiyo ya subira, na baadaye tutaona jinsi ilivyomfaa.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, vijana walitupiana mawe, na jiwe moja likapasua miwani yake. Kipande cha kioo kikamwingia katika jicho la kuume, hata likaharibika kabisa. Tangu siku ile aliishi kwa jicho moja.

Mwaka 1929 aliingia chuo kikuu cha Dublin ili ajifunze uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na kundi dogo la wanafunzi waliokutana kusali na kusoma Biblia, akampa Bwana maisha yake kwa moyo wote. Akaona ya kuwa Mungu amwita katika kazi ya utabibu, basi akaacha uhandisi. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata cheo cha daktari mpasuaji huko Edinburgh. Akaomba kazi ya serikali katika Afrika ya Magharibi, lakini akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa tabibu wa jeshi, akafika Kenya, ambako ndugu ya baba yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa Nairobi kwa miaka mingi. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na Mungu akawajalia binti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi katika Afrika, akakubaliwa. Mwaka 1946 akafika Uganda.

Kwanza alipelekwa Lira, katika nchi ya Walango. Huko aliona wanaume wengi wenye ugonjwa wa busha. Badala ya kuwapasua tu, aliuliza kila mtu ametoka wapi, akaandika katika ramani. Ikaonekana ya kuwa upande wa mashariki wa wilaya ugonjwa ni mwingi, na upande wa magharibi ni haba. Hivyo mwana wa mtu aliyechora ramani ya ndege alianza kuchora ramani ya magonjwa. Mwaka 1948 akahamishwa kwenda Kampala, katika hospitali ya Mulago.

Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell, aliyejulikana kwa uchunguzi wake wa ugonjwa wa kwashiorkor, alimwita Burkitt amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea katika ufizi. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Kama ungekuwa usaha wa jino bovu, uvimbe ungekuwa mahali pamoja, si mahali panne. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Akatoka upesi kwenda kumtazama, akakuta taya zote zimeguswa, na tumboni pia pana uvimbe. Ndipo alipotambua ya kuwa mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja.

Akarudi Kampala, akafunua madaftari ya hospitali, akakuta watoto wengine wengi. Wengine walikuwa wameandikwa kwa uvimbe wa taya, wengine wa jicho, wengine wa figo au wa tumbo, kana kwamba kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake. Hata katika madaftari ya zamani ya hospitali ya misioni ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897, walionekana watoto wa namna hiyo. Ugonjwa ulikuwako siku zote, lakini hakuna aliyeunganisha habari zake. Mwaka 1958 Burkitt alitoa habari hiyo katika gazeti la madaktari wapasuaji wa Uingereza, nao wachunguzi wa Mulago wakathibitisha kwa hadubini ya kuwa ni saratani ya tezi.

Sasa akataka kujua ugonjwa huu wapatikana wapi. Alipewa fedha kidogo tu, akapiga chapa barua zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa hospitali nyingi za Afrika, na nyingi zilikuwa za misioni. Majibu yakarudi, naye akatia alama katika ramani ukutani. Lakini kusoma majibu hakukumtosha. Mwezi wa Oktoba 1961 alitoka Kampala katika motokaa kuukuu pamoja na madaktari wawili wamisionari: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, aliyekuwa pia fundi hodari wa motokaa, na Clifford Nelson wa Kanada. Wakasafiri majuma 10, maili zipatazo 10,000, wakazuru hospitali zaidi ya 50, hata kusini mwa Afrika. Kila mahali waliuliza neno moja: Je, mmewaona watoto hawa?

Ramani ilipokamilika, jambo la ajabu lilionekana. Katika nchi za joto na mvua ugonjwa ulikuwako, bali penye baridi au ukame ulikuwa haba sana. Karibu na ikweta, nchi zilizoinuka kupita futi 5,000 hivi, kama milima mirefu ya Rwanda na Burundi, hazikuwa nao ila kwa nadra. Hapo watu wakafikiri habari za mbu. Baadaye ilijulikana ya kuwa malaria impatayo mtoto mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mwili na kuufungulia ugonjwa huu njia. Tena Anthony Epstein, aliyemsikia Burkitt akihutubia London mwezi wa Machi 1961, aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakaona ndani yake virusi ambavyo havijajulikana bado. Virusi hivyo wanavyo karibu watu wote wa dunia bila kudhurika sana. Ni vikikutana na malaria ya siku nyingi katika mwili wa mtoto ndipo hatari huzidi.

Na matibabu je? Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona ya kuwa kisu hakifai, kwa maana uvimbe ulirudi upesi. Basi akajaribu dawa mpya zilizotoka Marekani, kama metotreksati na siklofosfamidi. Uso wa mtoto uliovimba vibaya ulipungua kwa siku chache, na wengine waliopata dawa kidogo tu walikutwa wazima baada ya miaka. Mwaka 1967 nyumba ya kuwatibu wagonjwa hao ilifunguliwa Mulago, na daktari mpasuaji Sebastian Kyalwazi, Mganda, alikuwa mmoja wa walioisimamisha kazi hiyo.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko aliichunguza habari nyingine, yaani vyakula. Pamoja na rafiki yake Trowell aliwafundisha watu wa Ulaya na Marekani wale nafaka isiyokobolewa, maharagwe, mboga na matunda, kama wakulima aliowaona Uganda, wapunguze unga mweupe na sukari. Alipewa heshima nyingi na wenye elimu, lakini hakuacha kusema ya kuwa yote ni neema ya Mungu. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, umri wake miaka 82.

Sasa, ndugu, habari hizi zatuhusu. Nchi yetu ina milima ya Ngara, tena ina nchi za chini za Biharamulo zishukazo kuelekea ziwa, na malaria twaijua sana. Ugonjwa wa Burkitt huwapata hasa watoto wa miaka minne hata saba au zaidi kidogo. Mtoto wa miaka sita aking'oka jino la mbele, si neno, ni maumbile. Lakini magego yakilegea kwa mtoto wa miaka minne, au meno mengi ya upande mmoja yakicheza pamoja, au taya ikivimba bila maumivu makali, au jicho likitokeza, hilo si jambo la kungojea. Uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote. Katika majuma machache mtoto hubadilika uso. Kumng'oa meno hakumponyi, ila kwapoteza siku. Apelekwe hospitali mara moja, ili kipande cha uvimbe kipimwe, na apelekwe mbele penye matibabu, kama Bugando huko Mwanza. Akiwahi, watoto wengi hupona.

Tena kuna jambo lingine la kusikitisha. Mtoto mchanga akiwa na homa na kuhara, wengine husema ana meno ya plastiki, wakampeleka kwa mtu amchimbe ufizi kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Kile cheupe kionekanacho ndani ya ufizi si ugonjwa. Ni jino lenyewe alilopewa na Muumba, likingoja siku zake. Mtoto achimbwaye hutoka damu nyingi, huingiwa na sumu ya jeraha au pepopunda, na homa yake ya kweli haijatibiwa. Wako waliokufa kwa njia hiyo. Katekista asikiapo neno hili katika usharika wake asinyamaze.

Burkitt alikuwa na jicho moja, lakini aliona ambacho wengi wenye macho mawili walikipita. Aliona kwa sababu alimtazama mtoto mzima, kinywa, uso na tumbo, na kwa sababu hakuchoka kuuliza. Jambo hilo halihitaji elimu ya Dublin. Mama amwoshapo mtoto jioni aweza kumwambia afungue kinywa, na mwalimu wa shule ya Jumapili aweza kutambua uso uliovimba. Malaika wadogo hawa tumekabidhiwa sisi. Bwana aliyewapokea watoto na kuwawekea mikono atupe macho ya kuona mapema, na miguu myepesi ya kuwafikisha kwa tabibu.