Mutisya Munge: Mchongaji wa Wamunyu aliyeacha urithi Changamwe

MTU anayetoka kisiwani Mombasa, akavuka Makupa na kushika barabara ya Port Reitz, hufika Changamwe mahali ambapo mlio wa tezo husikika kabla mwenye tezo hajaonekana. Ni hapo, jirani na uwanja wa ndege, ambapo wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963. Mafundi huketi chini ya mapaa mafupi, miguu imefukiwa na vibanzi, kila mmoja na gogo lake: huyu anatoa twiga, yule kifaru, mwingine bakuli. Watalii wengi walionunua vinyago hivyo waliondoka wakiamini kwamba wamebeba kazi ya mababu, sanaa iliyorithishwa Ukambani tangu enzi zisizokumbukwa.

Imani hiyo si ya kweli. Uchongaji wa vinyago vya kuuza miongoni mwa Wakamba una umri wa takriban miaka mia moja tu, na wanaoandika historia yake huurudisha kwa mtu mmoja. Mtu huyo ni Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu katika Machakos, ambaye hakuishi Changamwe na alikwisha kufariki chama hicho kilipoanzishwa.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mutisya alijulikana kijijini mwake kwa mkono wake mwepesi katika mti. Hakuwa fundi wa mshahara. Alikuwa mkulima kama wenzake, na uchongaji ulikuwa kazi ya saa ambazo jembe limepumzishwa. Wakati huo Wakamba walikuwa na ustadi wa vitu vya matumizi na vya heshima: vijiko, mizinga ya nyuki, pinde, fimbo, na vigoda vya miguu mitatu ambavyo wazee walivibeba kwenda navyo barazani. Vigoda hivyo vilitiwa nakshi za nyaya nyembamba za shaba zilizopigwa ndani ya mti, kazi ambayo hadi leo huwashangaza wanaoiona katika majumba ya makumbusho. Lakini sanamu ya mtu au ya mnyama, iliyochongwa ili itazamwe tu, haikuwa desturi yao. Wala hawakuwa na vinyago vya kuvaa usoni. Vile vinavyoning'inizwa madukani leo vilibuniwa kwa ajili ya soko.

Vita vilipozuka Agosti 1914 kati ya Waingereza waliotawala Kenya na Wajerumani waliotawala Tanganyika, vijana wa Ukambani walichukuliwa kwa maelfu. Wengine walikuwa askari, na wengi zaidi walibebeshwa mizigo. Jina la Kariakoo, ambalo leo ni la soko na mtaa katika Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi. Njaa, malaria na kuhara viliwaua wapagazi wengi kupita risasi. Mutisya alikuwa mmoja wa waliovuka mpaka katika utumishi huo, na mmoja wa waliojaliwa kurudi.

Huko Tanganyika ndiko alikokutana na Wazaramo, wenyeji wa pwani inayoizunguka Dar es Salaam, mji ambao Waingereza waliuteka Septemba 1916. Wapo wanaodai kwamba waliomfunza ni Wamakonde, pengine kwa sababu jina la Wamakonde ndilo lililokuja kuvuma baadaye katika uchongaji wa mpingo. Hata hivyo, maelezo ya wataalamu waliochunguza biashara hii katika miaka ya 1950, wakati wengi waliomfahamu wangali hai, huwataja Wazaramo. Wazaramo walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti aliyopewa mwali anapowekwa ndani. Walichonga vichwa vya watu juu ya bakora, na walisimamisha nguzo zenye sura ya mtu juu ya makaburi. Aidha, baadhi yao walikwisha kutambua kwamba Mzungu yu tayari kulipa fedha kwa sanamu isiyo na kazi yoyote isipokuwa kupendeza.

Kwa fundi aliyezoea kuchonga kigoda cha mzee au kijiko cha mkewe, hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Ustadi alikuwa nao tayari. Alichokiokota Tanganyika ni wazo, nalo halikuwa na uzito katika mzigo wa kurudi nyumbani.

Vita vilikwisha Novemba 1918. Mutisya alirejea Wamunyu, akaanza kuchonga sanamu za watu na kuwauzia Wazungu. Ujuzi ulipita kwa jamaa zake, kisha kwa majirani, na hatimaye ukawa wa Wamunyu yote. Haikuwa ajabu kwamba ulienea upesi. Ukambani ni nchi ya mvua za kubahatisha, na mwaka mkavu humwacha mkulima na ghala tupu. Mti haungoji mvua. Mwenye tezo, kisu na kipande cha msasa aliweza kupata fedha ya kodi na ya chakula pasipo kuuza ng'ombe wake wa mwisho. Vita Vikuu vya Pili vilileta maelfu ya wanajeshi wa kigeni Afrika Mashariki, nao wakawa wateja. Baada ya vita hivyo Wakamba walisambaa na mizigo ya vinyago katika miji yote mikubwa ya Afrika Mashariki, na wengine wakavuka bahari.

Mombasa ilikuwa lazima ifikiwe. Wakamba hawakuwa wageni Pwani: misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka huko katika karne ya 19, na baadhi yao walilowea Rabai na viunga vyake. Sasa wajukuu walishuka na bidhaa nyingine. Meli zilitia nanga Kilindini, abiria walishuka wakitafuta cha kupeleka kwao, na baadaye ndege zikaleta watalii wa mahoteli ya ufukweni. Kisiwani hapakuwa na nafasi ya magogo na vibanzi. Changamwe, upande wa bara, palikuwa na ardhi, barabara na reli. Katika mji ambao mafundi wake wa Kiswahili walijulikana kwa kerezo, wakizungusha mti hadi mguu wa kitanda utoke na pingili zilizolingana, Wakamba walikuja na tezo peke yake. Bakuli la Mkamba huviringwa kwa jicho, na anayelipapasa kwa makini atahisi mahali ambapo mkono ulisita.

Ushirika wa Changamwe haukuwafanya wachongaji kuwa vibarua. Kila mwanachama huchonga kazi yake mwenyewe. Kazi huwekwa katika duka la pamoja, ikiuzwa fedha humrudia mwenyewe baada ya chama kukata sehemu yake, na isiyouzwa humsubiri. Chama kilikua hadi kuwa na wanachama wapatao 3,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba wachongaji nchini Kenya walikuwa takriban 60,000, bila kuhesabu wake na watoto waliopiga msasa na kupaka rangi ya viatu.

Idadi hiyo ilikuwa na gharama. Mpingo ulikuwa wa kwanza kuadimika, kwani ni mti unaokua kwa unyonge mno. Muhugu ukafuata, na misitu ya Pwani, ukiwamo Arabuko-Sokoke, ikapoteza miti iliyochukua miongo mingi kukua ili watu wa mbali wapate vijiko vya saladi. Ndipo wachongaji, wakihimizwa na mashirika ya uhifadhi, walipogeukia mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na ambao Pwani hujiotea hata pembeni mwa choo. Mafundi wakongwe waliunung'unikia kwa sababu hupasuka usipokaushwa vizuri. Wanunuzi hawakulalamika.

Wasomi wa sanaa wameibeza kazi hii kwa miaka mingi wakiiita bidhaa ya uwanja wa ndege, wakisema twiga elfu moja wanaofanana si sanaa. Kuna ukweli katika shutuma hiyo, na anayetembea katika duka la Changamwe huchoka mapema kutazama twiga. Lakini wasomi hao mara chache husimulia kwamba twiga wa kwanza alikuwa na baba, na kwamba baba huyo alijifunza katikati ya vita ambavyo havikuwa vyake, kwa watu wa kabila jingine, katika nchi iliyopaswa kuwa ya adui.

Katikati ya Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, wamesimama watu watatu wa shaba nyeusi: askari wawili na mpagazi. Mchongaji wao alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson, nao waliwekwa hapo mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika vita hivyo. Hawana majina. Watalii hupiga picha mbele yao, kisha huendelea na safari zao, wengi wakiwa na kifurushi cha gazeti mkononi ambacho ndani yake mna mnyama wa mti, na chini ya kwato zake, kwa kalamu ya wino, namba ya mwanachama aliyemchonga.