Johnny Bright: Radhi iliyokuja mwenyewe hayupo

Wasomaji wetu wa pwani wanaijua vyema desturi ya kuombana radhi. Mtu anayekwenda Hija, au anayeondoka kwa safari ndefu, hupita nyumba kwa nyumba akiwataka watu wamsamehe aliyowakosea, kwani hajui kama atarudi na kuwakuta. Maisha ya marehemu Johnny Bright, mchezaji mashuhuri aliyezaliwa Marekani na kufia Kanada, yanatuonyesha yatokeayo pale jambo hilo linapoahirishwa.

Bright alizaliwa tarehe 11 Juni, 1930, katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Tangu utoto wake shuleni alikuwa hodari wa michezo mingi, lakini uliomletea sifa ni mpira wa Kimarekani. Mchezo huo si kandanda yetu. Mpira wake una ncha mbili, huchukuliwa mikononi au kurushwa, na kila timu hujitahidi kuusogeza mbele yadi kwa yadi huku wapinzani wakiwaangusha wanaouchukua. Kumwangusha mwenye mpira ni halali. Kumpiga usoni mtu asiye na mpira si mchezo tena.

Kijana huyu alijiunga na Drake, chuo kikuu kidogo kilichoko Des Moines, jimbo la Iowa. Katika misimu ya 1949 na 1950 aliwapita wachezaji wote wa vyuo vya Marekani kwa jumla ya yadi alizoipatia timu yake, kwa kukimbia na kwa kurusha. Chuo ambacho wengi walikuwa hawakijui kikaanza kutajwa katika magazeti makubwa, na jina la kijana huyo mweusi likatajwa pamoja nacho.

Msimu wa 1951 ndio uliokuwa wake wa mwisho chuoni. Drake ilishinda mechi zake tano za mwanzo bila kushindwa hata moja. Tarehe 20 Oktoba ikasafiri hadi Stillwater, jimbo la Oklahoma, kupambana na chuo cha Oklahoma A&M. Bright alikuwa amewahi kucheza huko mwaka 1949 na hapakutokea fujo. Safari hii uvumi ulikuwa umeenea mjini kwamba hataumaliza mchezo. Wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Robinson na Don Ultang, waliusikia uvumi huo, wakamwelekezea kamera yao.

Katika dakika saba za mwanzo Bright alipigwa na kuzimia mara tatu, kila mara na mlinzi yule yule, mzungu. Alipopigwa pigo lililonaswa na kamera, alikuwa amekwisha kumpa mwenzake mpira, naye amesimama nyuma akitazama unakoelekea. Taya lake likavunjika. Hata hivyo aliinuka, akarusha mpira wa yadi 61 ulioipatia Drake alama, ndipo maumivu yakamlazimisha kutoka uwanjani. Drake ilishindwa 27 kwa 14.

Picha zile zilipochapishwa, kila mwenye macho alijionea mwenyewe. Mwaka 1952 zikawapatia wapigaji wake tuzo ya Pulitzer. Lakini chuo cha Oklahoma A&M hakikumwadhibu mchezaji wake, wala wakuu wa ligi hawakuchukua hatua yoyote. Drake ikaona haiwezi kukaa katika ligi ya namna hiyo, ikajitoa. Chuo cha Bradley nacho kikajitoa kuiunga mkono. Baadaye sheria za mchezo zilikazwa, na kofia zenye kinga ya uso zikaenea.

Bright alipomaliza masomo mwaka 1952, timu ya Philadelphia Eagles ilimchagua kuwa wa kwanza katika orodha yake. Fedha na sifa zilikuwa zinamngoja. Lakini alitambua kwamba angekuwa mchezaji mweusi wa kwanza katika timu hiyo, na kwamba wachezaji wengi wa kutoka kusini walikuwa wakiingia katika ligi. Hakujua wangemtendea vipi. Akaamua kuhama, akavuka mpaka kwenda Kanada.

Huko alichezea kwanza Calgary, kisha Edmonton, ambayo ilitwaa Kombe la Grey miaka mitatu mfululizo, 1954, 1955 na 1956. Mwaka 1959 alitangazwa mchezaji bora wa ligi ya Kanada, mtu mweusi wa kwanza kuipata heshima hiyo. Alipostaafu mwaka 1964 alikuwa amekimbia yadi 10,909, na hakuna aliyewahi kufikia hesabu hiyo katika ligi hiyo kabla yake. Mwaka 1962 akawa raia wa Kanada.

Wakati huo wote alikuwa pia mwalimu. Shahada yake ya Drake ilikuwa ya ualimu, naye aliitumia. Alifundisha watoto wa Edmonton, akafunza timu zao, na hatimaye akawa mwalimu mkuu. Mtu aliyevunjwa taya mbele ya umati alimaliza umri wake akilea watoto wa watu.

Tarehe 14 Desemba, 1983, alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa hospitalini kwa upasuaji wa goti. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Mwaka 2005, miaka 54 baada ya pigo lile, ndipo mkuu wa chuo cha Stillwater, ambacho sasa huitwa Oklahoma State, alipoandika barua ya kutaka radhi. Barua hiyo ilipelekwa kwa mkuu wa chuo cha Drake, maana mwenye taya alikuwa kaburini miaka 22. Mwaka uliofuata Drake ikauita uwanja wake kwa jina la Bright, na mwaka 2010 shule ikafunguliwa Edmonton kwa jina lake.

Hayo ni mema, na aliyetaka radhi alifanya vizuri kuliko waliomtangulia, walionyamaza. Hata hivyo wahenga walituonya: mwenye kovu usidhani kapoa. Bright aliishi miaka 32 na kovu lile. Wakati huo wote alikuwa akijulikana alipo, na barua ya kutoka Stillwater ingemfikia kwa siku chache tu.